Kolo kwa siku moja, na swali la mama mkwe

Mwezi huu nataka tuongee kuhusu kutoka. Sisemi kutoka kwenda harusini, maana huko tunakwenda kila Jumamosi, wala kwenda msibani. Nasemea familia kuamka asubuhi, kupanda gari au basi, kwenda mahali pamoja na kurudi jioni.

Wengi wetu tunaokaa mijini tukisema "leo tunawatoa watoto" tunamaanisha sehemu ya aina moja tu. Viti vya plastiki, chipsi kuku, bembea mbili, na muziki mkubwa kiasi kwamba ukitaka chumvi unaonyesha kwa kidole. Baba anaangalia mpira kwenye televisheni ya ukutani, mama yuko na simu, watoto wako kwenye maji. Jioni mnarudi mmeshiba na mmechoka, lakini mtu akiuliza mliongea nini, hakuna anayekumbuka.

Sina ugomvi na chipsi kuku. Ninachosema ni kwamba kuna aina nyingine ya kutoka ambayo wengi hatuijaribu, nayo ni kwenda kwenye maeneo ya kale, kule ambako watu waliishi kabla hakujawa na maandishi wakaacha mawe, michoro na mifupa. Watu wakisikia hivyo wanafikiri ni mambo ya watalii wenye kofia na kamera, au ya wanafunzi waliopangwa mstari nyuma ya mwalimu. Jamani, hapana. Mimi nimekwenda na mama mkwe, na kule mlimani likasemwa jambo ambalo miezi kumi na minne ya vikao vya sebuleni haikulitoa.

Ngoja kwanza nikueleze nyumba yetu ilivyo. Tunaishi Dodoma, tulikohamia na kazi ya baba watoto serikali ilipohamia, na mimi gazeti linapokaribia kwenda mtamboni napanda treni ya umeme kwenda Dar. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alikuja kukaa kwetu. Alikuwa amebaki peke yake kijijini, wilaya ya Kondoa, na siku za matanga alipimwa akakutwa na presha. Wanawe wakakubaliana kwamba hawezi kurudi kulala peke yake. Hapo hakuna aliyebisha.

Ubishi ulianza kwenye akae wapi. Wifi yangu aliyeko Dar anasema mama akae kwake, nyumba yake ni kubwa, hospitali iko karibu, na mtoto wa kike ndiye anayejua kumtunza mama. Baba watoto anasema haiwezekani, yeye ndiye mtoto wa kiume, watu watamwonaje? Kila Jumapili usiku simu inalia, na ndugu wawili wanaopendana sana wanaongea kwa sauti ya kikao cha harusi kilichoishiwa michango. Mimi mke wa mwana nilibaki upande wangu, maana mambo ya mtu na dada yake yana mlango wake, na si kila mlango unaingia bila hodi.

Na mama mwenyewe? Alikuwa palepale, kwenye kiti chake karibu na dirisha, akichambua mchele ambao tayari ulikuwa umechambuliwa. Akiguswa anasema, "Nyie mtakavyoona wanangu." Alfajiri saa kumi na moja unamsikia anafagia uwanja ambao dada wa kazi ameufagia jana jioni. Mchana anakaa na wajukuu kuangalia katuni za Kiingereza. Wao wanacheka, na yeye anacheka kidogo baada yao, kwa heshima.

Safari ilianza na daftari. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi ya shule kuhusu Zama za Mawe. Akaniuliza, "Mama, hivi michoro ya Kondoa iko Kondoa ya bibi?" Nikamwambia kamuulize bibi mwenyewe. Bibi akasema, "Ipo. Kule Kolo, juu mlimani. Sisi tukiwa wadogo tulikatazwa kwenda kucheza." Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia akisema wiki ile. Nikamtazama baba watoto, akanitazama. Jumamosi iliyofuata, katika likizo fupi ya Septemba, tukawasha gari saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tulikuwa watano: baba, mama, binti, kaka yake wa miaka tisa, na bibi, aliyekaa mbele kwa sababu ya magoti.

Kutoka Dodoma hadi mjini Kondoa ni kama kilomita 160, na Kolo iko mbele yake, mwendo usiofika nusu saa kwenye barabara kuu ya kwenda Babati. Zamani njia ile ilikuwa ya kufika huku nywele zote zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa ukianza mapema unafika Kolo jua halijawa kali.

Mabadiliko tuliyaona kabla hata ya kufika. Mtu aliyekuwa kimya nyumbani kwangu alianza kuongea tulipopita Chemba. Mti huu unaitwaje kwa Kirangi, mto ule wa mchanga maji yake yanachimbwa vipi wakati wa kiangazi, pale palikuwa na mnada. Kijana wangu akauliza kwa nini milima mingine ina makorongo makubwa hivyo, kama mtu aliyekwanguliwa kwa kucha. Bibi ndiye aliyejibu.

Alisimulia kwamba ardhi ya milima ya Irangi ilikuwa imechoka, udongo wote ulikuwa unakwenda na maji. Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika ili nyasi na miti irudi. "Mimi nilikuwa mke mdogo, nina mtoto mgongoni," akasema. "Ng'ombe wa babu yenu wakapelekwa mbali, kwa ndugu. Tuliambiwa tu siku ya kuondoka." Kijana akauliza, "Na majani yakarudi?" Bibi akasema, "Yakarudi. Ilikuwa kweli yatarudi. Lakini hatukuulizwa." Kisha akaomba dirisha lifunguliwe kidogo.

Pale Kolo unaanzia ofisini, karibu na barabara. Unaandikishwa, unalipa kiingilio, na unapewa mwongozaji, maana bila yeye huendi popote. Wetu alikuwa kijana wa pale pale. Alipomsikia mama mkwe akimsalimia kwa Kirangi aliacha maelezo yake ya kukariri, akapiga goti, "Shikamoo bibi," na kuanzia hapo ikawa kama tumekwenda na ndugu.

Alitueleza kwamba michoro ya Kondoa haiko sehemu moja. Imetawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336 kando ya Bonde la Ufa, na maeneo yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na inasema watu wamekuwa wakichora kwenye miamba hii kwa angalau miaka 2,000. Wapo watafiti wanaoamini kwamba mingine ni ya zamani zaidi ya hapo. Kwa ujumla, mingi ya rangi nyekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, watu ambao Wasandawe na Wahadzabe wa leo wanadhaniwa kuwa karibu nao. Ile ya rangi nyeupe ilikuja baadaye, na inahusishwa na wakulima na wafugaji.

Kilichomshika binti yangu ni habari ya shanga. Ndani ya eneo hilohilo kuna mahali panaitwa Kisese. Mwaka 1956 wataalamu walichimba chini ya mwamba wakakuta, pamoja na zana za mawe, shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 vinaonyesha kwamba za kale zaidi zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Binti akaangalia mkono wake uliojaa vishanga vya dukani, akasema, "Kumbe urembo haukuanza leo." Mwenzangu, miaka elfu arobaini! Mtu alikaa kivulini akatoboa ganda moja baada ya jingine ili apendeze, au ampendezeshe mwenziwe.

Mahali penyewe tulipokwenda panaitwa Mungomi wa Kolo. Gari linakufikisha chini ya mlima, kisha mnapanda kwa miguu. Sitakudanganya, kuna kona unashika mawe kwa mikono. Nilikuwa na wasiwasi na mama. Mwongozaji akamkatia fimbo, tukakubaliana tutapumzika kila atakapotaka. Nani alikuwa anaomba kupumzika? Baba watoto. Mama yake alikuwa anapanda polepole, hasimami, kanga kaikaza kiunoni, anamwambia mjukuu wake wa kiume, "Njoo unishike mkono mume wangu, baba yako amezeeka." Kijana akavimba kichwa hadi juu.

Juu mwamba umeinama kama paa la baraza, na chini yake ndipo kuna michoro. Mwanzoni huoni kitu, unaona madoa tu. Macho yakizoea kivuli ndipo wanaanza kutokea mmoja mmoja: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa kama wamevaa mapambo makubwa. Wamechorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu inayotokana na udongo wenye chuma. Watoto wakashuka sauti wenyewe, bila kuambiwa.

Mwongozaji akatuambia kwamba Mungomi si jumba la makumbusho tu. Hadi leo wapo wenyeji wanaokwenda pale kwa matambiko, kuomba mvua au kuombea mgonjwa. Hapo nikaelewa kwa nini watoto wa zamani walikatazwa kwenda kucheza. Mama mkwe ni mtu wa swala tano na hakusema lolote juu ya hilo, ila alivua kandambili zake akaziweka pembeni.

Kisha akatuonyesha mchoro mmoja ambao ni maarufu kuliko yote ya pale. Ni watu watano. Wa katikati anaonekana ni mwanamke. Kulia kwake wawili, kushoto kwake wawili, na ameshikwa mikono pande zote mbili. Wale wa kulia vichwa vyao ni kama vimefunikwa vinyago.

"Mnaona nini?" akauliza.

Kijana wangu akawahi, "Wanamteka!"

Binti akasema, "Wapi, wanacheza. Kama kwenye kitchen party."

Mwongozaji akacheka akasema wote wawili wana wataalamu upande wao. Mary Leakey, yule yule wa Olduvai, alikuja kufanya kazi huku mwaka 1951 akinakili michoro, na mwaka 1983 akatoa kitabu. Yeye aliuona mchoro huu kuwa ni utekaji: wenye vinyago wanamvuta mwanamke, wenzake wa upande wa pili wanamng'ang'ania asichukuliwe. Watafiti waliokuja baadaye wakasema tusikimbilie huko. Wasandawe wana ngoma ya uponyaji iitwayo simbo, ambayo mchezaji anaweza kupandisha, akapoteza fahamu za kawaida. Kwa mawazo hayo, mikono ile haimvuti mtu popote. Ni wenzake wanamshikilia asianguke.

Baba watoto alikuwa upande wa utekaji. Mimi nilikuwa upande wa ngoma. Tukaanza kubishana pale, kwa raha tu, kama tulivyokuwa tukibishana enzi za uchumba kuhusu nani alikuwa na kosa kwenye filamu. Angalia mkono huu umekaza. Hapana, angalia miguu, hakuna anayekimbia. Watoto wakaingilia. Mwongozaji akawa refa.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alikuwa hajasema kitu tangu tulipofika. Akasema, taratibu kabisa, "Huyo wa katikati, kuna aliyemuuliza?"

Tukacheka. Mwongozaji akasema, "Bibi, huyo hajibu tena, ni miaka mingi."

"Yeye hajibu," akasema mama. "Mimi bado najibu."

Kicheko kikaisha. Nilimwona baba watoto anaangalia chini, anachora kitu kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Hakuna aliyemjibu mama pale mlimani, na yeye hakusukuma zaidi. Tukashuka.

Chini tulitandika mkeka kivulini. Tulikuwa na chapati, kuku wa kukaanga, ndizi mbivu, chupa ya chai na karanga. Simu ya baba watoto ilikuwa haishiki mtandao vizuri, na nadhani hiyo nayo ilisaidia. Watoto walipokwenda kuokota mawe "yanayofanana na zana", mume wangu akamgeukia mama yake. Hakuzunguka. Akasema, "Mama, unataka kukaa wapi?"

Mama akamaliza kutafuna. Akasema anataka kurudi kwake. Akasema analijua tatizo lake la presha na dawa zake anazijua kwa rangi. Akasema kaburi la mzee liko kule, shamba liko kule, majirani wanaojua jina lake wako kule. Kwetu anaitwa bibi na kwa wifi ataitwa bibi, lakini kule ana jina. "Mnanipenda, naona," akasema. "Mmoja amenishika huku na mwingine amenishika huku. Lakini nyie mnashindana, na mimi mikono inauma."

Sasa msomaji, hapa ndipo watu wa magazeti tungependa kumalizia: wote wakalia, wakakumbatiana. Haikuwa hivyo. Baba watoto alikasirika kwanza. Akauliza usiku presha ikipanda nani atamjua. Mama akasema hilo ni swali zuri, tulitafutie jibu. Wakabishana hadi chai ikapoa. Lakini kwa mara ya kwanza ubishi ulikuwa na mama ndani yake. Kabla ya hapo ulikuwa unapita juu ya kichwa chake, kutoka Dodoma hadi Dar na kurudi.

Mpango waliofikia ni wa kawaida tu. Mama angerudi kabla ya msimu wa kulima. Mjukuu wa dada yake, binti aliyemaliza kidato cha nne na kukosa la kufanya, angekaa naye, na baba watoto angemlipa posho kila mwezi. Kliniki angehudhuria Kondoa mjini. Baada ya mavuno angekuja kututembelea, na kwa wifi pia, kama mgeni mwenye tarehe yake ya kuondoka. Tulipofika barabarani mtandao ukarudi, na wifi akapigiwa simu mama akiwa anasikia na kuongea mwenyewe. Wifi hakufurahi. Alisema tumemfikisha mama mlimani ili tumpumbaze. Mama akamwambia, "Mwanangu, mlima ule nimezaliwa naukuta."

Nakuandikia haya mama akiwa kwake. Je, kila kitu ni shwari? Hapana. Wiki ya tatu presha ilipanda, binti yule akamkimbiza hospitali kwa bodaboda, na wifi akapiga simu usiku: "Si niliwaambia?" Baba watoto hakulala. Asubuhi yake alimpigia mama kumwambia anakuja kumchukua. Mama akajibu kwamba hata kwetu ilishapanda mara mbili na yeye hakuomba kuhamishwa. Wamekubaliana kununua kipimo cha presha cha nyumbani, na binti amefundishwa kukitumia. Wifi naye ametuma hela ya kuweka umeme wa jua. Hajakubali, lakini ametuma.

Ninapotoa somo, natoa dogo. Wengi wetu tuna mtu wa katikati nyumbani. Anaweza kuwa mzazi mzee, anaweza kuwa mtoto ambaye baba anataka akasome sayansi na mama anataka akasome sheria. Anaweza hata kuwa mume, mama yake huku na mkewe kule. Wanaomshika wote wanasema wanamshika asianguke. Ukitazama kwa nje huwezi kutofautisha mkono unaovuta na mkono unaoshikilia. Wataalamu wenyewe wameshindwa kukubaliana juu ya ule wa Kolo. Anayejua ni aliyeshikwa tu, na tofauti na yule wa kwenye mwamba, wa kwako unaweza kumuuliza leo.

Na kwa nini lilisemwa mlimani na si sebuleni? Nimefikiria sana. Nadhani sebuleni kila mtu ana kiti chake na cheo chake. Kule mbele ya mwamba, baba mwenye digrii na mtoto wa darasa la tatu wote walikuwa wanakisia, na aliyekuwa mwenyeji ni yule ambaye mjini alionekana mgeni. Mtu akiwa kwao sauti yake inarudi.

Kabla hujaenda

Kama umeshawishika, nina machache ya kukuambia. Nenda wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, maana mvua ikinyesha njia za kupanda zinateleza. Viatu vya kufunga, maji ya kutosha, kofia, na chakula chenu, kwa sababu kule mlimani hakuna mgahawa. Michoro haiguswi kwa mkono wala haimwagiwi maji ili "itokee vizuri" kwenye picha. Imedumu karne nyingi, isije ikafia kwenye simu yako. Mkikuta watu wako kwenye matambiko yao, mpisheni kwa adabu. Na mwongozaji mpeni ahsante yake.

Si lazima iwe Kondoa. Walioko Iringa wana Isimila, kama kilomita 20 tu kutoka mjini, ambako kuna zana za mawe za mamia ya maelfu ya miaka na nguzo za udongo ambazo watoto hawatazisahau. Walioko Arusha na Karatu wana Olduvai, ambako mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu maarufu la Zinjanthropus. Ndugu zetu wa Nairobi wana Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, ambako mashoka ya mawe yameachwa palepale yalipokutwa, unayatazama ukiwa juu ya daraja la mbao. Na wa mashariki mwa Uganda wana michoro ya Nyero, karibu na Kumi. Zote hizo unakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Chukua na mzee mmoja kwenye gari. Akisema magoti yanamuuma, mwambie mtapumzika njiani. Na wewe msomaji, nyumbani kwenu aliye katikati ni nani, na ulimuuliza lini? Niandikie, barua zenu nazisoma zote. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.